Hodan, Kesi Yako Imesikilizwa

Abaayo Hodan, dada yangu,

Tumeshinda.

Nilikuwa nimepanga kuianza barua hii kwa adabu, nikusalimu, nikuombee dua, kisha nifike polepole kwenye habari yenyewe. Lakini wewe hukuwa mtu wa kusubiri. Nikikupigia simu na kuanza na habari za nyumbani, ulikuwa ukinikata: "Sema kwanza, Amina. Tutasalimiana baadaye." Basi nimesema kwanza. Wasichana wetu wameshinda, tena mahakamani, mbele ya watu, na wale wavulana waliokuwa wakituita timu ya kusindikiza ndio waliotusindikiza hadi getini wakipiga makofi.

Sasa assalamu alaykum, rafiki yangu. Mwenyezi Mungu akupanulie mahali ulipolala.

Naandika nikiwa kwenu, kibarazani, juu ya ule mkeka wa plastiki ambao mama yako huuosha utadhani anatarajia wageni wa serikali. Yumo ndani anachemsha chai ya maziwa ya ngamia. Siku hizi namwita Hooyo kama ulivyomwita wewe, naye ananiita hooyo vilevile, kwa ile desturi yenu ya mama kumwita mtoto kwa jina lake mwenyewe la umama. Mwanzoni kila akiita hivyo nilikuwa nageuka nyuma, nikidhani umeingia. Sasa naitika.

Ulituacha katikati ya muhula wa pili. Moyo wako, ule wenye kilango kibovu tangu homa ya utotoni, ulikuwa unangoja zamu ya upasuaji Nairobi, nawe ulikuwa umeuficha ugonjwa huo kwa ustadi ambao wakili yeyote angeuonea wivu. Tukishuka kwenye bodaboda na kutembea hadi getini pa shule, ulikuwa ukisimama kila baada ya kitambo, unaelekeza kidole kwenye mgunga na kuniuliza kama nimewahi kukiona kile kiota cha ndege. Nilikuwa nakiona kila wiki. Nikawa nakujibu kwamba sijawahi, kwamba ni kizuri, tusimame tukitazame vizuri. Sidhani kama tuliwahi kudanganyana kwa upendo zaidi ya hapo.

Alasiri ile ulilala baada ya kuswali adhuhuri, na hukuamka. Wanaume walikuchukua kabla ya magharibi. Sisi wanawake tulibaki ndani na Hooyo, ambaye hakulia mpaka alipoona kandambili zako mlangoni, moja imelala kifudifudi. Akaigeuza, akaipanga vizuri na mwenzake, ndipo akalia.

Sitasema mengi kuhusu siku zile. Hukupenda kuliliwa.

Nataka nikukumbushe kwanza tulivyoanza, maana hapa nyumbani kwenu hakuna anayeyajua haya ila mimi. Wenzetu wa kitivo cha sheria walitumia likizo ile ndefu kutafuta nafasi kwenye ofisi za mawakili Nairobi. Wewe ukasema tunarudi Garissa kufundisha kesi ya mfano, yaani mahakama ya kuigiza, katika shule za sekondari. Nikakuuliza nani ametuomba. Ukasema hakuna, ndiyo maana lazima twende. Wenzetu wachache walikubali kutusaidia mwanzoni, mwalimu mkuu wa ile shule ya wasichana ya bweni, upande wa barabara ya Dadaab, akatupa saa ya vilabu kila Jumatano, na tukaingia darasani na makabrasha yetu kama watu wenye maana.

Hakuna aliyefungua mdomo. Unakumbuka? Uliuliza hakimu ni nani, kimya. Kiongozi wa mashtaka anafanya kazi gani, kimya. Wasichana walitazama madawati. Baadaye ndipo tulipojua walichoogopa. Shuleni kwao mtu akisimama akasema "bolisi" badala ya polisi, au "fitabu" badala ya vitabu, anabebeshwa neno hilo kama jina lake mpaka amalize kidato cha nne. Ni afadhali kunyamaza.

Ukaniangalia. Nikajua kuna balaa linakuja, kwa sababu tangu darasa la nne, uliponisaidia hesabu nami nikakusaidia ngeli, niliujua uso wako huo. Ukanyoosha kidole ukaliambia darasa zima kwamba mimi, Amina, mtoto wa watu wa mto waliolelewa kwa ndizi na maembe ya Tana, nimekula sambusa zako njiani ukiwa umezifunga kwenye karatasi, na kwamba unataka haki. Ukaketi. Nikaanza kujitetea. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kama kuna aliyeniona. Mwingine akauliza kama karatasi ina mafuta ya mikono yangu. Kabla kengele haijalia, darasa lilikuwa limegawanyika pande mbili, kuna mashahidi, kuna hakimu aliyekalia meza, na mimi nimehukumiwa. Nusu ya walionihukumu walisema "bolisi", na hakuna aliyecheka, maana walikuwa wamesahau kuogopa. Tulipotoka uliniambia ulizila sambusa hizo mwenyewe.

Na ulipokuwa ukiwafundisha kusimama, ulikuwa ukiwaambia: "Simama kwanza. Woga ukija, ukukute umesimama." Mpaka leo wanaambiana hivyo bwenini, hata kwa mambo yasiyohusiana na sheria, kama kwenda kuoga maji ya baridi alfajiri.

Basi ulipoondoka nilikwenda shuleni Jumatano iliyofuata kuwaaga tu. Wenzetu wa chuo walikuwa wamesharudi Nairobi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini na kunipa pole, kisha akasema kwa upole kwamba mitihani inakaribia, na kwamba huenda ni heri jambo hili lipumzike pamoja na mwenyewe. Sikubishana naye. Nami nilikuwa nimechoka. Nikaingia darasani, nikawaambia kwamba mwalimu wenu Hodan amefariki, inna lillahi, na kwamba mashindano ya kesi ya mfano kati ya shule za kaunti tutayaacha mwaka huu.

Walilia, kisha wakatulia. Halafu akasimama Qabale. Unamkumbuka, yule Mborana mrefu kutoka pande za Wajir, ambaye kwa wiki kadhaa hakusema neno zaidi ya kujibu jina lake. Akasema hivi, na sauti yake ilikuwa imara:

"Mwalimu, kesi ya mwalimu Hodan imefutwa, au imeahirishwa?"

Nikasema imeahirishwa.

"Basi tupe siku ya kusikilizwa," akasema, akaketi.

Walikwenda wenyewe kwa mwalimu mkuu, timu nzima, na nasikia walijitetea kila mtu kwa hoja yake hadi akaondoa miwani na kusema sawa. Ndivyo tulivyorudi kazini.

Sasa ile kesi uliyoiandika. Ulizipa shule zote za kaunti kesi moja: Jamhuri dhidi ya mzee Dekow, mchungaji wa Hadado, anayeshtakiwa kwa kuiba ngamia wa jirani yake. Kwenye maelezo ya konstebo, mzee amekiri: "Nimewachukua." Kwenye utetezi wake, mzee anasema aliwakuta ngamia hao wamepotea na kiu imewashika, akawaswaga pamoja na wake hadi kisimani. Shule zote ziliikamata kesi hiyo kwa chapa za ngamia na nyayo. Ngamia wana chapa gani, nyayo zilielekea wapi, nani aliziona. Nami niliwafundisha wasichana wetu hivyohivyo, nyayo na chapa, chapa na nyayo, na tulikuwa tumefika mbali.

Ikabaki juma moja. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kusoma mashtaka, na Ubah, yule mcheshi wa kidato cha tatu anayeigiza mzee Dekow, amejifunga kiunoni macawis ya babake, kama kikoi, na kushika fimbo, akajibu kwa Kiswahili safi, "Mheshimiwa, si kweli." Qabale akamsimamisha. Akauliza mzee huyu wa Hadado amejifunzia wapi Kiswahili.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kuhusu babu yake. Mzee huyo aliwahi kuitwa kituoni kwa sababu ya mbuzi wa mtu, akahojiwa peke yake, na mwisho akawekwa ndani. Alipotoka, familia ilimwuliza kwa nini alikubali kosa. Akasema hakukubali kitu. Alikuwa anajua neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "ndiyo", basi kila alipoulizwa akalitoa kwa heshima.

Ubah akaiweka fimbo yake chini.

Qabale akasema mzee Dekow hatajibu mashtaka. Atanyamaza, na yeye, kama wakili wake, atasimama kuomba mkalimani. Nikawaambia kwamba kwenye kesi hii hakuna nafasi ya mkalimani, kwamba waamuzi wanaweza kutukata alama, kwamba kiongozi wa mashtaka wa shule ya wavulana tutakayopambana nayo ni hodari na atapinga. Niliwaambia yote ambayo mtu mzima humwambia mtoto. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha Ubah akauliza, "Lakini katiba inasema anayo haki hiyo, au haisemi?" Nikasema inasema. Akasema basi.

Hodan, mimi na wewe tuliisoma ile kesi pamoja mara ngapi? Mimi sikuliona jambo hilo. Mpaka leo sijui kama wewe ulilikusudia, ukaliacha pale kimya tuligundue wenyewe, au kama ulikuwa umeandika tu maisha jinsi yalivyo huku kwetu na haki ikajificha humo yenyewe. Nimeamua kwamba sihitaji kujua.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Tuliazimwa chumba halisi cha mahakama, mjini, chenye kizimba na nembo ya taifa ukutani. Wasichana walipoingia walishikana mikono. Feni ilikuwa inazunguka juu bila kuleta upepo. Viti vilijaa wazazi, walimu, mawakili vijana waliokuja kutazama, na kundi zima la wanafunzi wa sheria waliopanda basi kutoka Nairobi usiku kucha kwa sababu yako. Ndiyo, walikuja. Wote wale waliokuambia Garissa ni mbali.

Na Hooyo akaja. Sikumwalika, maana nilijua hakuipenda sana kazi ile. Alikuwa akikuambia unamaliza pumzi yako kwa mahakama ya kuigiza. Lakini asubuhi alifunga kibanda chake cha maziwa sokoni, akavaa jilbab yake ya kijani, akakaa safu ya mbele. Aliniambia anataka kuona kitu ambacho mtoto wake alikipenda kiasi hicho.

Aliyekaa kitini kama hakimu ni wakili mkongwe, mwanamke aliyewahi kuwa hakimu wa kweli kabla ya kustaafu. Wavulana walikaa upande wa mashtaka, suti zimenyooka, kiongozi wao amepanga karatasi kama karata. Karani akasoma mashtaka. Ubah alisimama kizimbani na macawis yake na fimbo, akimtazama karani kwa macho ya mtu anayesikia mvua ikipiga bati. Hakujibu.

Hakimu akarudia. Kimya. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Qabale akasimama. Akasimama kwanza, kama ulivyowafundisha, na nikauona woga ukimjia na kumkuta amesimama.

"Mheshimiwa," akasema, "mteja wangu haelewi lugha inayotumika katika mahakama hii. Anajua Kisomali peke yake. Naomba, kwa mujibu wa katiba, apewe mkalimani."

Kiongozi wa mashtaka akapinga papo hapo. Akasema kesi waliyopewa haina mkalimani, kwamba ni hila ya kupoteza wakati. Hakimu akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaegemea mbele, na sauti yake ikabadilika, si sauti ya mashindano tena.

"Kijana," akamwambia, "nimekaa kwenye viti hivi miaka mingi. Ombi hili ningelikataa, hukumu yangu isingedumu hata wiki. Linakubaliwa." Akatazama watu waliokuwa wameketi. "Namhitaji mtu mwenye Kisomali na Kiswahili, asiyetoka katika shule hizi mbili."

Nilimwona mmoja wa mawakili vijana akijiinua kidogo. Lakini aliyesimama ni mama yako.

Sijui nilitarajia nini. Alikwenda mbele polepole, akaulizwa jina, akaapa akiwa ameshika Qurani kwa mikono miwili. Hakimu akamwambia atafsiri kila neno, asiongeze, asipunguze. Hooyo akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mimi nauza maziwa. Nikiongeza maji, watu watajua." Chumba kizima kikacheka, hata hakimu. Akasimama karibu na Ubah, akamtafsiria mashtaka, na kwa mara ya kwanza mzee Dekow akajua anashtakiwa kwa nini. Ubah aliigiza mshangao ule, Hodan, mpaka nikasahau kwamba ni mtoto wa kidato cha tatu.

Kisha akaitwa konstebo, mvulana mtulivu mwenye sauti nzuri. Akaeleza jinsi mzee alivyokiri kwa hiari yake. Qabale akainuka kumhoji. Hakuuliza nyayo. Hakuuliza chapa. Nakuandikia maneno yao jinsi nilivyoyasikia, kwa sababu hayatanitoka.

"Afisa, mlizungumza na mshtakiwa kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Alikujibu kwa sentensi, au kwa neno?"

"Alijibu maswali yote."

"Jina lake mlilipataje?"

Mvulana akatazama maelezo yake. Ile ndiyo sekunde niliyomwona kiongozi wao wa mashtaka akiinua kichwa. "Tulilisoma kwenye kitambulisho chake," akasema konstebo.

"Alikuwa amekaa mbele yenu. Kwa nini hamkumwuliza?"

"Tulimwuliza."

"Ikawaje?"

Yule kijana ni mkweli kwa tabia, nadhani, na Mungu ambariki kwa hilo. Akasema: "Hakutuelewa."

Qabale hakutabasamu. Hakugeuka kututazama. Alisema tu, "Sina swali jingine, Mheshimiwa," akaketi. Nyuma yangu mwanafunzi mmoja wa sheria alinong'ona kwamba atahama chuo aje afundishwe na Qabale.

Lakini haikuishia hapo. Ubah akaitwa kujieleza, akaeleza kwa Kisomali, na Hooyo akatafsiri kipande kwa kipande. Ngamia wa jirani, kiu, njia ya kisimani. Kisha Ubah akasema maneno haya: "Waan kaxeeyay." Hooyo akanyamaza. Hakimu akamwuliza kuna nini. Mama yako akatazama zile karatasi za mashtaka mezani, akamtazama hakimu, akasema:

"Mheshimiwa, neno hii wameandika nimewachukua. Hakusema hivyo. Amesema aliwatia mbele, akawabeleka. Kuchukua ni ya mwizi. Kubeleka ni ya mchungaji."

Alisema "kubeleka", Hodan. Hakuna aliyecheka. Hakimu alikuwa akiandika, nao mawakili vijana wote walikuwa wakiandika.

Alipotoa uamuzi hakimu alisimama, jambo ambalo sidhani hufanyika. Akasema mzee Dekow hana hatia, kwa sababu maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoijua si maelezo yake. Akatangaza kwamba timu ya wasichana imeshinda mashindano, na Qabale ndiye wakili bora. Kisha akasema kwamba kama angekuwa na watu wa namna hii mbele yake miaka yote ile, angelala usingizi mzuri zaidi.

Wasichana walipiga kelele ambazo hazijawahi kusikika katika jengo lile. Ubah akarusha fimbo juu na karibu impige karani. Mwalimu mkuu, yule mwenye hofu ya mitihani, alikuwa akilia waziwazi na kumwambia kila mtu kwamba hawa ni wasichana wake. Kiongozi wa mashtaka wa wavulana alikuja kwa Qabale, akamsalimu kwa heshima kwa mbali, mkono kifuani, akamwomba amfundishe jinsi ya kuuliza maswali mafupi. Qabale akamwambia aanze na kusikiliza.

Nami nilimwendea Hooyo. Alikuwa bado amesimama pale karibu na kizimba, ameshika ukingo wake, kana kwamba chumba kinaweza kuondoka. Nikamkumbatia. Akaniambia kwa Kisomali, taratibu ili nami niweze kuelewa, kwamba alidhani ulikuwa ukicheza. Kisha akasema: "Alikuwa anafanya kazi."

Ndivyo alivyosema. Kazi.

Habari ilienea mjini kabla hatujafika nyumbani. Mwendesha bodaboda alitubeba bure kwa sababu babake ni mchungaji. Sokoni wanawake wa maziwa wanamwita mama yako Mheshimiwa, naye anajifanya hapendi. Kila Jumatano anafunga kibanda mapema, anakuja darasani kuwa mkalimani wa mazoezi, na wanafunzi wanamwogopa kuliko hakimu yeyote, maana akisikia neno limepunguzwa anasimamisha kesi. Wale wenzetu wa Nairobi wamegawana shule. Wengine wako Dadaab, ambako mahakama ya mfano imeanza na darasa limefurika hadi madirishani. Wengine wamekwenda Wajir na Qabale amewaandikia salamu za kumfikishia babu yake. Mzee huyo alituma ujumbe kwa simu ya mjukuu mwingine. Anauliza huyo mkalimani anapatikana wapi.

Na mimi, kesho asubuhi, naondoka kwenda Mandera. Kuna shule tatu zinatungoja huko, na mwalimu mmoja amenipigia kusema wanafunzi wake wameshaanza kushtakiana wenyewe kwa wenyewe. Nimemwambia hiyo ni dalili njema.

Sijapona kukukosa. Kuna wakati napita karibu na ule mgunga, na pumzi inakatika mimi nikiwa mzima. Lakini huzuni yangu sasa ina kichwa juu. Inatembea mjini ikiamkiwa.

Hooyo ameleta chai. Anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia naandika ripoti ya kesi, akasema nisisahau kuandika kwamba aliapa vizuri. Basi nimeandika.

Lala salama, abaayo. Nakuaga kwa leo, nikiwa na furaha ambayo ni nusu yako. Nakuahidi haya: nitamaliza shahada hii, nitavaa joho, na siku ya kwanza nitakapoitwa mahakamani, iwe hapa Garissa au popote, kabla sijasema neno nitamgeukia mtu aliyenitegemea na kumwuliza, kwa lugha aliyolelewa nayo, kama anaelewa. Akisema haelewi, nitasimama. Na kila Jumatano nitakayojaliwa nitaingia darasani kwa wasichana wa huku na kuwafundisha wasimame nao, mmoja baada ya mwingine, mpaka siku nitakayoingia mahakamani na kumkuta mmoja wao amekaa kwenye kiti cha hakimu. Nitainama mbele yake kama sheria inavyotaka. Nitamwita Mheshimiwa. Na moyoni, Hodan, nitakuwa nalitaja jina lako.

Rafiki yako,
Amina